Mjadala: Patriots wa 2007 walishinda 18 wakapoteza moja. Je, msimu wao upo juu ya ule wa Dolphins wa 1972?

Kipenga cha Mwisho
Wakuu, heshima mbele. Patriots wa New England wa 2007 walimaliza msimu wa kawaida 16-0, wa kwanza kufanya hivyo tangu NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ianze kucheza mechi 16 mwaka 1978. Walifunga pointi 589, wakaruhusu 274. Kwotabeki wao Brady, yule mrushaji wa pasi, alirusha tachidauni 50 (bao kubwa la pointi sita), mpokeaji Randy Moss akadaka 23 peke yake. Kwenye mtoano wakawatoa Jaguars 31-20 na Chargers 21-12. Halafu tarehe 3 Februari 2008, kwenye fainali kule Glendale, Arizona, Giants wakawapiga 17-14.

Dolphins wa Miami wa 1972 walicheza 17 wakashinda 17, Super Bowl, yaani fainali, ikiwemo. Tangu hapo wao ndio wamefanywa kipimo cha kila timu. Mimi nasema msimu wa Patriots ulikuwa mkubwa zaidi, hata na ile mechi moja. Timu inayowazidi wapinzani wake kwa jumla ya pointi 315 ndani ya mechi 16 haifutwi na usiku mmoja. Naomba tupime msimu mzima. Na yale mambo ya kamera yameshazungumzwa ya kutosha, tuyaache.

Bahari ya Hindi
Tuyaache kwa faida ya nani, mkuu? Tarehe 9 Septemba 2007, mechi ya kwanza kabisa ya huo msimu unaousifia, mtu wa Patriots alikamatwa kandokando ya uwanja akirekodi ishara za makocha wa Jets. Ligi ilikuwa imeshatoa waraka Septemba 2006 kukataza jambo hilohilo. Kocha wao Belichick akapigwa faini ya dola 500,000, klabu dola 250,000, na chaguo lao la raundi ya kwanza kwenye drafti ya 2008 (klabu zinapochagua wachezaji wapya) likafutwa. Usisahau pia kwamba waliwarekodi Rams mazoezini siku moja kabla ya Super Bowl ya 2002. Halafu unataka hao wakae juu ya kocha Don Shula na Dolphins wake? Haiwezekani.

Mama Takwimu
Bahari, la Rams liondoe. Habari ile iliandikwa na Boston Herald tarehe 2 Februari 2008, na Mei mwaka huohuo gazeti lenyewe likaiomba klabu radhi kwamba halikuwa na msingi wa kuiandika. Unalibeba leo kama ushahidi?

La Jets ni kweli tupu, lakini elewa kaseti ile inafanya kazi vipi. Mpiga picha anachukua ubao unaoonyesha dauni (jaribio; timu ina manne ya kusogea yadi 10) na yadi zilizobaki, halafu anachukua ishara za kocha wa ulinzi. Baadaye mtu anakaa chini, analinganisha kila ishara na jinsi mabeki walivyojipanga baada yake, anatengeneza orodha. Orodha hiyo inalipa mkikutana tena, na tena kama mwenzako hajabadilisha ishara. Kaseti ya Septemba ilinyang'anywa kabla mechi haijafika mapumziko. Walipokutana tena na Jets mwezi Desemba walishinda 20-10 tu, mojawapo ya mechi walizofunga pointi chache kuliko zote msimu ule. Sasa hiyo kaseti iliwasaidia wapi?

Bahari ya Hindi
Nimeongelea uaminifu, wewe unanifundisha kupiga picha. Kaseti zilizokabidhiwa ligi ziliharibiwa kwa amri ya kamishna Goodell. Mpaka seneta Arlen Specter akahoji kwa nini ushahidi unaharibiwa haraka hivyo. Kama hazikuwa na faida, walikuwa wanarekodi za nini? Na ligi ilikuwa na haraka gani ya kuziangamiza?

Dauni ya Nne
Hilo swali la pili mpelekee Goodell, Belichick hakuharibu kaseti hata moja. Na mwaka 2008 ligi iliruhusu mchezaji mmoja wa ulinzi awe na redio kwenye kofia, ndipo ishara za mikono zikapungua umuhimu. Tunajadili ligi ambayo kila benchi lilikuwa na mtu wa kusoma ishara za mwenzake kwa macho. Kosa la Patriots ni kamera na mahali ilipowekwa. Adhabu walilipa. Mechi 15 zilizobaki walicheza huku kila mtu akiwachungulia.

Mzee wa Miami
Ninyi endeleeni na kaseti. Mimi nauliza: nani mwingine alimaliza bila kupoteza mpaka kombe? Hakuna. 14-0 msimu wa kawaida, mechi mbili za mtoano, halafu Super Bowl dhidi ya Washington 14-7 pale Los Angeles tarehe 14 Januari 1973. Hapo kuna nini cha kujadili?

Yadi Kumi
Cha kujadili kipo, mzee. Katika zile mechi 14 Dolphins walikutana na timu mbili tu zilizomaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo, Chiefs na Giants, zote 8-6. Patriots wa 2007 waliwafunga Colts nyumbani kwao Indianapolis 24-20, wakawafunga Cowboys 48-27 pale Texas, na Cowboys hao walimaliza 13-3. Ratiba ya Miami ilikuwa mteremko.

Mzee wa Miami
Mteremko? Kijana, unajua ulichokiandika? Wiki ya tano Bob Griese alivunjika mguu na kifundo kikateguka. Aliyeingia ni Earl Morrall, miaka 38, kachukuliwa kutoka Colts kwa bei ya kutupa. Akaanza mechi tisa zilizobaki za msimu wa kawaida na mbili za mtoano, hakupoteza hata moja. Mng'oe Brady wiki ya tano ya 2007 umwingize mtu wa benchi, halafu uje uniambie wanafika 16-0.

Na nusu fainali walicheza Pittsburgh, ugenini, wakiwa na rekodi ya 14-0! Enzi zile uwanja ulikuwa wa zamu, haukutolewa kwa mwenye rekodi nzuri. Walikuwa nyuma 7-0, mpiga mateke Larry Seiple akawaona Steelers wamegeuka kurudi nyuma, akaacha kupiga akakimbia nao yadi 37. Mechi ikaisha 21-17. Patriots wao walilala nyumbani mtoano wote mpaka Arizona.

Yadi Kumi
Hujajibu hoja ya ratiba.

Mzee wa Miami
Nimeijibu. Kila timu inacheza na iliyopangiwa. Dolphins walikuwa wa kwanza kwa kufunga, 385, na wa kwanza kwa kuzuia, 171. Ungetaka wafanye nini tena, wapigane na simba?

Mama Takwimu
Hebu nirudishe kwenye msimu, maana Kipenga aliuliza msimu. Jumla ya 589 inadanganya ukiitazama ikiwa nzima. Ikateni katikati.

Mechi nane za kwanza: 38-14, 38-14, 38-7, 34-13, 34-17, 48-27, 49-28, 52-7. Jumla 331 kwa 127.
Nane za mwisho: 24-20, 56-10, 31-28, 27-24, 34-13, 20-10, 28-7, 38-35. Jumla 258 kwa 147.

Tofauti ya pointi 204 inashuka mpaka 111, na 46 kati ya hizo 111 zimetoka kwa Bills peke yao. Eagles waliwakimbiza bila Donovan McNabb, kwa kwotabeki wa akiba A.J. Feeley. Ravens walikuwa wameshawazuia dauni ya nne dakika za mwisho, ikaonekana benchi lao la ulinzi lenyewe lilikuwa limeomba taimauti (mchezo usimame) sekunde hiyohiyo, mpira ukarudiwa. Patriots wa Oktoba na Patriots wa Desemba si timu moja. Eagles waliwabana wapokeaji pale mwanzoni na kumfikia Brady kupitia katikati. Kila aliyewapa tabu baada ya hapo alitumia njia hiyohiyo.

Kipenga cha Mwisho
Asante Mama, hii ndiyo hoja niliyoitaka. Lakini ona: hata ile nusu mbaya ni 8-0.

Dauni ya Nne
Tusizunguke, msimu ule uliuawa na Belichick mwenyewe kwenye fainali na Giants. Robo ya tatu, Patriots wanaongoza 7-3. Wamepewa uhai mpya baada ya Giants kukutwa na watu 12 uwanjani wakati wa teke. Wanasogea hadi yadi ya 25, dauni ya tatu na saba. Strahan wa Giants anamwangusha Brady, wanarudi mpaka ya 31. Dauni ya nne na yadi 13. Hapo mtu anapiga teke la pointi tatu. Umbali wake yadi 48 au 49, paa la uwanja limefungwa, hakuna upepo. Mpiga mateke Gostkowski amesimama pembeni. Belichick anaamua kurusha, Brady anampigia Jabar Gaffney kwenye eneo la mwisho, mpira unatoka nje. Mechi wakapoteza kwa pointi tatu. Tatu!

Yadi Kumi
Hesabu ya pointi tatu usiifanye hivyo. Ukiwapa pointi tatu robo ya tatu, kila kitu kinachofuata kinabadilika. Ukikosa teke la yadi 49, Giants wanaanzia pale ulipopigiwa teke, karibu na yadi ya 39. Ukikosa pasi, wanaanzia 31. Kosa lenyewe ni kuamua pasi ndefu: yadi 13 zinahitaji Brady akae na mpira zaidi ya sekunde tatu, na usiku ule hakuwa na sekunde tatu kabisa.

Dauni ya Nne
Kwa hiyo unakubali waliamua vibaya.

Yadi Kumi
Nakubali walirusha vibaya. Wewe unasema wapige teke. Hayo ni mambo mawili.

Kinyozi
Mnaongelea teke, hamwongelei ukuta unaomlinda Brady. Msimu mzima Brady aliangushwa mara 21 katika mechi 16. Usiku mmoja aliangushwa mara 5, na hapo sijahesabu alizogongwa baada ya mpira kutoka mkononi.

Angalieni kilichoharibika. Kwanza, kifundo cha mguu wa kulia cha Brady kiliumia kwenye mechi na Chargers, hakuweza kusogea vizuri. Pili, gadi wa kulia (mlinzi wa ndani wa ukuta huo) Stephen Neal akaumia goti kipindi cha kwanza, akaingia Russ Hochstein. Tatu, kocha wa ulinzi wa Giants, Steve Spagnuolo, kila ilipofika dauni ya pasi alimtoa Justin Tuck pembeni akamwingiza ndani, ana kwa ana na gadi. Tuck ni mkabaji wa pembeni, mwepesi, na gadi amezoea kusukumana na watu wazito. Logan Mankins, gadi wa kushoto, alikuwa mmoja wa bora ligini na bado Tuck alimpita akamlaza Brady mara mbili. Umenyiora wa Giants yupo upande wa Matt Light, Strahan upande wa Nick Kaczur, walinzi wawili wa pembeni wa ukuta. Ukimkaba kwotabeki kutoka pembeni, anapiga hatua mbele anarusha. Ukimkaba kutoka katikati, hana pa kukanyaga.

Na Patriots waliendelea kujipanga na wapokeaji wanne, watano, wakiacha watu watano tu wamlinde Brady. Mechi ya Chargers walimpa mkimbiaji Laurence Maroney mpira mara 25, akapata yadi 122. Fainali walimpa mara 14, yadi 36. Dawa ilikuwa kumrudisha mtu wa ziada kulinda na kukimbiza mpira hata kwa yadi tatu tatu, ili Tuck asiwe na uhakika kwamba ni pasi. Wes Welker alidaka 11 za karibu, lakini Moss anahitaji muda ili apite mabeki, na muda haukuwepo. Strahan, Umenyiora, Tuck, Kiwanuka, wanne hao ndio waliovunja 19-0.

Dauni ya Nne
Yote sawa isipokuwa Kiwanuka. Mathias Kiwanuka alivunjika mguu dhidi ya Lions mwezi Novemba, msimu ukamwishia pale. Fainali hakukanyaga. Mganda huyo alipewa pete ya ubingwa ya bure, hatuwezi kumweka kwenye orodha ya waliofanya kazi. Wa nne alikuwa Jay Alford, ndiye aliyemwangusha Brady mara ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde chache.

Mwana wa Masaka
Nilikuwa nasoma kimya, hapo nimeshindwa. "Pete ya bure"? Mathias alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka 2006, namba 32. Mwaka 2007 Spagnuolo alipofika akamkuta ni mkabaji wa pembeni kama Strahan, Umenyiora na Tuck. Nafasi zilikuwa mbili. Wakambadilishia kazi, wakamfanya lainibeki (mlinzi anayesimama nyuma ya wakabaji) wa upande wenye nguvu. Unajua maana yake? Mtu aliyezoea kuweka mkono chini na kwenda mbele anaambiwa asimame, asome mkimbiaji, amfuate mpokeaji mzito wa ndani kwenye pasi, na dauni ya tatu arudi tena kumkimbiza kwotabeki. Aliifanya mpaka mfupa ulipovunjika. Giants walishinda mechi 10 za msimu wa kawaida, na wewe unajua nyingi kati ya hizo zilipatikana lini. Bila hizo hakuna mtoano.

Na jina lile uliite kwa adabu. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye jaji mkuu aliyeuawa enzi za Amin mwaka 1972.

Dauni ya Nne
Babu yake namheshimu sana, lakini babu hakabi kwotabeki. Nimesema hakucheza fainali. Ni kweli au si kweli?

Mwana wa Masaka
Ni kweli hakucheza fainali. Si kweli kwamba pete ni ya bure. Kawaida ya klabu ni kuwapa pete hata walio kwenye orodha ya majeruhi, kwa sababu msimu ni wa wote. Kama kwako fainali tu ndiyo hesabu, basi Earl Morrall wa Mzee wa Miami naye pete yake ni ya bure, maana Super Bowl ya 1973 alianza Griese.

Mzee wa Miami
Morrall mnamwingizaje huku? Mtu kaanza mechi 11 kati ya 17! Masaka, hoja yako ni nzuri, lakini mfano wako umekosea mlango.

Mwana wa Masaka
Mzee wangu, ndicho ninachosema. Aliyebeba msimu anastahili. Nakutetea wewe pia.

Bahari ya Hindi
Na Patriots je, waliobeba msimu kwa kamera?

Mama Takwimu
Bahari, hilo tulishalijibu.

Bahari ya Hindi
Ulijibu wewe. Specter hakujibiwa.

Yadi Kumi
Nirudi kwa Kiwanuka. Masaka, unamtetea vizuri, lakini watu wa New York hawajasahau Novemba 2006 dhidi ya Titans. Giants wanaongoza 21-0 mpaka robo ya nne. Titans wanafukuza, dauni ya nne na 10, Kiwanuka amemshika kwotabeki wao Vince Young kiunoni, mechi imeisha. Akamwachia! Aliogopa filimbi ya kumwangusha kwotabeki ambaye ameshatoa mpira. Young alikuwa bado anao, akakimbia akapata dauni ya kwanza. Titans wakashinda 24-21.

Mwana wa Masaka
Alikuwa mwaka wake wa kwanza ligini, na waamuzi walikuwa wanawafilimbia wakabaji kwa kila kitu. Leo adhabu ile imekuwa kali zaidi ya 2006, na wakabaji wengi wanapunguza nguvu vilevile ili wasigharimu yadi 15. Mwaka 2008 Umenyiora alipoumia goti kabla ya msimu, nani alirudishwa pembeni? Mathias. Akaangusha makwotabeki mara 8.

Kipenga cha Mwisho
Wakuu, naomba turudi. Patriots wa 2007 au Dolphins wa 1972?

Kinyozi
Kipenga, subiri kidogo, maana kuna jambo hapa linahusu swali lako. Mchezo ule wa David Tyree, mpokeaji wa Giants kwenye fainali ile, dauni ya tatu na tano, dakika moja na sekunde 15 zimebaki. Jarvis Green na Richard Seymour wa Patriots wote wawili walimshika kwotabeki wa Giants, Eli Manning, jezi. Wote wawili! Wangevuta tu, labda mechi imeisha 14-10 na Patriots ni 19-0. Manning akachomoka, akarusha, Tyree akaubana mpira kwenye kofia huku beki wa Patriots Rodney Harrison akiuchokonoa. Yadi 32. Mchezo mmoja kabla ya hapo Asante Samuel, beki wa Patriots, aliruka, mpira ukapita mikononi mwake. Kwa hiyo kusema Kiwanuka alimwachia Young kana kwamba ni kosa la mtu mmoja, hapana. Kumshika kwotabeki na kumlaza ni kazi mbili.

Dauni ya Nne
Green na Seymour hawakuachia, walichomolewa. Kiwanuka alifungua mikono. Tofauti ipo.

Mwana wa Masaka
Tofauti ipo, na jibu lipo. Tarehe 5 Februari 2012, Indianapolis, Super Bowl ya 46. Giants 21, Patriots 17. Belichick yuleyule, Brady yuleyule. Kiwanuka yumo uwanjani tangu mwanzo, lainibeki, katika mji aliozaliwa. Hiyo pete nayo uiite ya bure?

Dauni ya Nne
Hiyo ya 2012 sina neno nayo. Mimi nimeongelea 2007.

Mzee wa Miami
Na 2007 Dolphins walikuwa 1-15, kabla hamjanikumbusha. Wes Welker walimtoa wao wenyewe, wakawapa Patriots kwa chaguo la raundi ya pili na la raundi ya saba. Akaenda kudaka mara 112 mwaka uleule.

Mama Takwimu
Na Moss alitoka Raiders kwa chaguo la raundi ya nne tu. Wapokeaji wawili kwa machaguo matatu, jumla pasi 210 walizodaka msimu wa kawaida. Kipenga, ukitaka kulinganisha na 1972 anzia hapo: Miami walijenga kwa wakimbiaji, Csonka yadi 1,117 na Mercury Morris 1,000 kamili, New England wakajenga kwa pasi. Ulinzi wa Miami ulikuwa unapumzika benchi wakati Csonka anakula dakika. Ulinzi wa Patriots, Junior Seau na Tedy Bruschi na Harrison wote umri umewaenda, ulirudi uwanjani kila baada ya tachidauni ya haraka, na ilipofika fainali Giants walikaa na mpira dakika 9 na sekunde 59 mfululizo, michezo 16, tangu mpira wa kwanza.

Bahari ya Hindi
Michezo 16 bila kamera. Kumbe inawezekana.